Kubadilishana Matangazo ya Nyumba kati ya Tovuti za Mawakala: Mwongozo Kamili

Ukitaka kujua kama mfumo wa kubadilishana matangazo ya nyumba unafanya kazi, usihesabu nyumba zinazoonekana kwenye tovuti. Tafuta nyumba iliyouzwa jana, kisha uangalie ni tovuti ngapi bado zinaitangaza. Kuweka tangazo kila mtu ana haraka nako: mwenye nyumba anasukuma, dalali anataka simu zianze kulia, picha zimeshapigwa. Kuliondoa hakuna anayekuharakisha. Mwuzaji ameshalipwa, dalali yuko kwenye kazi nyingine, na tangazo linabaki kwenye tovuti nne likiita wateja waje kuona nyumba ambayo haiko tena sokoni. Simu za namna hiyo huvunja ushirikiano wa mawakala hata kabla ugomvi wa kamisheni haujaanza.

Mwongozo huu ni wa ofisi mbili au zaidi za udalali zinazotaka nyumba za moja zionekane kwenye tovuti za nyingine, bila mtu kukaa siku nzima ananakili na kubandika. Umefuata mpangilio wa kazi yenyewe, na utaona kwamba kompyuta inachelewa kuingia. Hilo ni kwa makusudi.

Hatua ya 1: Andikeni makubaliano kabla ya kumwita fundi

Anzeni na kanuni moja: kila tangazo lina mwenyewe mmoja. Ofisi iliyopewa kazi na mwenye nyumba ndiyo inayopanga bei ya kuonyeshwa, ndiyo inayobadilisha hali ya tangazo, ndiyo inayolifuta. Wengine wote wanaonyesha tu. Ofisi ya pili ikiruhusiwa "kurekebisha kidogo" maelezo kwenye tovuti yake, baada ya mwezi mtakuwa na nyumba moja yenye bei tatu, na hakuna atakayekumbuka ipi ndiyo ya kweli. Akiona kosa, mshirika amwarifu mwenye tangazo, naye alirekebishe kwake ili marekebisho yasambae kwa wote.

Kisha idhini. Mkataba kati ya wakala na mwenye nyumba useme wazi kwamba tangazo litapelekwa kwa mawakala wengine, na utoe nafasi ya kukataa. Wapo wauzaji wasiotaka majirani wajue kwamba wanauza, na wapo waliofiwa au wanaoachana ambao hawataki nyumba yao isambae kila mahali. Katika mfumo wenu hilo liwe ni kisanduku cha kutia alama: tangazo hili linaruhusiwa kutoka, au haliruhusiwi. Mkataba ueleze pia kama uwakala ni wa kipekee (ofisi moja tu) au wa wazi (ofisi zaidi ya moja), kwa sababu nyumba yenye uwakala wa wazi itawajia kutoka ofisi mbili kwa wakati mmoja. Hilo tutalirudia.

Swali linalofuata ni gumu kuliko linavyoonekana: mteja akituma ujumbe kupitia tovuti ya ofisi B kuhusu nyumba ya ofisi A, mteja huyo ni wa nani? Kuna njia mbili. Kwenye tovuti kubwa za matangazo, zile ambazo zenyewe si mawakala, ujumbe huenda moja kwa moja kwa mwenye tangazo. Katika utaratibu wa Marekani uitwao IDX, ambapo mawakala huonyeshana nyumba kwenye tovuti zao, wakala aliyeonyesha hubaki na mteja wake, akamwakilisha kama mnunuzi. Kwa nyumba za kuuza ningechagua njia ya pili bila kusita. Bila hiyo ofisi B haina sababu ya kujaza tovuti yake na nyumba za wenzake. Kwa nyumba za kupangisha, ambako faida ni ndogo na mpangaji anataka jibu leo, ujumbe uende kwa mwenye tangazo moja kwa moja, na aliyeuleta alipwe kiasi mlichokubaliana.

Mgawanyo wa kamisheni uandikwe kwa kila muamala unaohusisha ofisi mbili, basi. Msikae mezani kupanga kiwango ambacho kila ofisi itamtoza mteja wake. Washindani wakipanga bei kwa pamoja wanaingia kwenye sheria za ushindani, na nchi nyingi zina sheria hizo. Chama cha mawakala cha Marekani, National Association of Realtors, mwaka 2024 kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi zilizohusu utaratibu wake wa kamisheni, na tangu Agosti 17 mwaka huo wakala hawezi tena kuweka ofa ya kamisheni ya wakala wa mnunuzi ndani ya kanzidata ya pamoja ya matangazo. Kwa hiyo mlisho wenu, yaani data za matangazo ambazo ofisi moja inazipelekea nyingine, usiwe na kipengele cha kamisheni kabisa. Mambo hayo yakae kwenye karatasi kati ya ofisi na ofisi.

Historia ya Wamarekani hao ina jambo jingine la kujifunza. Mwaka 2005 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo iliwashtaki kwa sababu kanuni zao ziliruhusu wakala kuzuia nyumba zake zisionekane kwenye tovuti za washindani waliofanya kazi kwa njia ya mtandao. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2008, na kanuni zikabadilishwa. Ninyi andikeni hivi: tangazo likizuiwa, linazuiwa kwa washirika wote, na uamuzi ni wa mwenye nyumba. Anayeruhusiwa kuchagua ni mshirika gani asione nyumba yake atamchagua yule anayemwogopa zaidi.

Mengine ya kuandika ni mafupi. Jina la ofisi yenye tangazo lionekane kwenye kila ukurasa, na wapi hasa. Haki ya picha ni ya nani. Tangazo jipya liingie kwenye mfumo wa pamoja ndani ya muda gani tangu lianze kutangazwa hadharani. Mwaka 2020 chama hicho cha mawakala cha Marekani kilianza kudai siku moja ya kazi, nanyi mnaweza kuanzia hapo. Na mshirika akijitoa, nini kinatokea kwa data zake.

Hatua ya 2: Chagueni umbo

Ofisi mbili hazina haja ya kufikiri sana: kila moja inasoma mlisho wa mwenzake. Hata tatu zinawezekana. Zaidi ya hapo hesabu inageuka. Ofisi 4 zikiunganishwa kila moja na kila nyingine zinahitaji maungano 6. Ofisi 10 zinahitaji 45, na kila ungano lina nywila zake na kasoro zake. Kwa kituo kimoja cha kati, ofisi 10 zinahitaji maungano 10 tu.

Kituo cha kati kinaleta swali la umiliki. Kikiwa mali ya mmoja wa washirika, wengine watakuwa na wasiwasi kila mlisho unapokatika. Kimilikiwe kwa pamoja, au kiendeshwe na mtu asiyeuza nyumba. Na kisiwe na tovuti ya wazi kwa umma. Siku kituo kitakapoanza kupokea wateja wenyewe, kitakuwa mshindani wa waliokijenga.

Kuna njia ya mkato ya kupachika dirisha la tovuti ya mwenzako ndani ya ukurasa wako. Inakamilika kwa saa moja ya kazi, lakini mara nyingi nyumba hizo hazihesabiwi na injini za utafutaji kama sehemu ya tovuti yako, mtindo wake haufanani na wako, na utafutaji wako hauzioni. Inafaa kwa majaribio tu.

Hatua ya 3: Kamusi moja ya data

Hapa ndipo miradi mingi inapokwama, na si kwa sababu ya programu. Ofisi moja ikisema "vyumba vitatu" inamaanisha vya kulala. Nyingine inahesabu na sebule. Moja inaandika ukubwa wa jengo, nyingine ukubwa wa kiwanja, zote kwenye safu iliyoandikwa "eneo". Bei ya pango kwa moja ni ya mwezi, kwa nyingine ni ya mwaka. Kompyuta itapokea yote bila kulalamika, na mteja akichuja nyumba kwa bei atapata takataka.

Kaeni chini mwandike kamusi: jina la kila kipengele, maana yake, kipimo chake, na kama ni cha lazima. Msianze na karatasi tupu. Shirika liitwalo RESO linatunza kamusi ya vipengele vya matangazo ya nyumba inayotumiwa na kanzidata nyingi za mawakala Amerika ya Kaskazini, na mnaweza kuisoma na kuokota vinavyowafaa. Australia kuna muundo wa REAXML. Uingereza ofisi nyingi zimezoea mafaili ya BLM yaliyoanza na tovuti ya Rightmove. Hata msipotumia mojawapo, kuona jinsi wengine walivyotenganisha "eneo la jengo" na "eneo la kiwanja" kutawaokoa na mabishano mengi.

Kanuni ninazoshauri, bila mjadala mrefu:

- Eneo lihifadhiwe kwa mita za mraba, libadilishwe wakati wa kuonyesha tu. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.764, ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, na hekta moja ni takriban ekari 2.47.
- Bei iwe namba tupu, isiyo na koma wala alama ya fedha, na sarafu ikae peke yake kwa herufi tatu za kimataifa. "Maelewano" si bei. Iwe ni kisanduku cha ndiyo au hapana.
- Pango liwe na kipengele cha kipindi: mwezi, robo mwaka, au mwaka.
- Tarehe na saa ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa.
- Latitudo na longitudo ziwe vipengele viwili vyenye majina yake. Muundo wa data za ramani uitwao GeoJSON unatanguliza longitudo, programu nyingi za ramani zinatanguliza latitudo, na ndiyo maana nyumba huonekana katikati ya bahari.
- Simu iandikwe kwa mfumo wa kimataifa, kuanzia na alama ya kujumlisha na namba ya nchi.
- Maandishi yote yawe ya UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi za lugha zote.

Saa za kuonyesha nyumba zinahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Karani anayesikia "saa tatu asubuhi" akaandika 03:00 amempangia mteja kufika usiku wa manane. Fomu ya kuingiza saa ionyeshe maneno "asubuhi, mchana, jioni, usiku" pembeni, na mfumo wenyewe ugeuze kuwa 09:00.

Orodha ya aina za nyumba iwe fupi. Ofisi zikiachwa ziandike zipendavyo mtapata "apatimenti", "fleti", "flat" na "apartment" kama aina nne tofauti, na mteja anayetafuta moja atakosa tatu.

Hatua ya 4: Kitambulisho kisichokufa

Kila tangazo lipewe namba ambayo haitabadilika wala kutumiwa tena, hata baada ya nyumba kuuzwa. Tangulizeni ufupisho wa ofisi ili namba 417 ya ofisi moja isigongane na 417 ya nyingine. Msitumie anwani, kwa sababu anwani husahihishwa. Msitumie namba ya mstari wa Excel. Mtu akipanga upya safu zote, kila nyumba inapata picha za jirani yake.

Nyumba iliyotoka sokoni ikirudi baada ya miezi sita na mkataba mpya, ipewe kitambulisho kipya. Vinginevyo tovuti za wenzako zitaikumbuka kwa bei ya zamani, na wateja waliowahi kuihifadhi watapata taarifa ya kushangaza.

Hatua ya 5: Kusafirisha

Tangazo moja kwenye mlisho, likiwa na vipengele vichache, linaweza kuonekana hivi kwa muundo wa JSON, yaani maandishi yanayosomwa na programu:

```
{
  "kitambulisho": "KSK-004417",
  "hali": "linapatikana",
  "shughuli": "kuuza",
  "aina": "nyumba",
  "bei": 185000,
  "sarafu": "USD",
  "vyumba_vya_kulala": 3,
  "eneo_la_jengo_m2": 142.5,
  "eneo_la_kiwanja_m2": 610,
  "limebadilishwa": "2025-03-04T09:15:00Z",
  "picha_zimebadilishwa": "2025-02-27T14:02:10Z",
  "mwisho_wa_mkataba": "2025-08-31"
}
```

Angalia vipengele vitatu vya mwisho. Hivyo ndivyo vinavyobeba mfumo mzima. Saa ya badiliko la mwisho inamwezesha mpokeaji kuomba "nipe yaliyobadilika tangu saa fulani" badala ya kupakua kila kitu upya. Saa ya picha imetengwa kwa sababu picha ni nzito, na hakuna haja ya kupakua picha ishirini kwa kuwa bei imeshuka. Na tarehe ya mwisho wa mkataba wa uwakala inaliondoa tangazo lenyewe hata kama wote wamelala.

Kuhusu njia ya kupeleka, ofisi yenye fundi mmoja wa muda na nyumba chini ya mia chache haihitaji API, yaani mlango ambao programu moja inaombea data kwa nyingine. Faili moja linaloandikwa kila saa na kuwekwa kwenye seva ya SFTP (njia salama ya kupeleka mafaili) linatosha kabisa. Mkiwa wakubwa zaidi, au mkitaka mabadiliko yafike ndani ya dakika, jengeni API yenye ufunguo tofauti kwa kila mshirika, ili mmoja akijitoa msilazimike kubadilisha funguo za wote. Wamarekani walianza na mfumo wa RETS mwaka 1999, na sasa wamehamia kwenye API ya kawaida ya wavuti inayorudisha JSON. Anayeanza leo hana sababu ya kupitia njia ile ya zamani.

Ukitumia faili, liandike kwanza kwa jina la muda, kisha libadilishe jina likishakamilika. Mpokeaji akilisoma likiwa nusu ataamini kwamba nusu ya nyumba zimeondoka. Miundo mizuri hujilinda kwa alama ya mwisho: faili la BLM hufungwa kwa neno #END#, na mpokeaji asipoliona anajua faili limekatika. Igeni hilo kwa namna yenu, hata kwa kuandika idadi ya matangazo juu ya faili.

Upande wa mpokeaji uwe na breki. Mlisho ukija na nyumba 12 wakati jana ulikuwa na 300, usifute 288. Simamisha, weka rekodi, mpigie mtu simu. Kiwango cha kusimamisha mtakipanga wenyewe; theluthi moja ya nyumba kutoweka kwa mara moja ni dalili tosha ya hitilafu.

Maelezo yanayotoka kwa mwenzako ni maandishi ya mtu mwingine yanayoingia kwenye tovuti yako. Ruhusu aya na mistari mipya tu, ondoa misimbo mingine yote. Tovuti ya mwenzako ikidukuliwa, hutaki msimbo wa mwizi usafiri ndani ya maelezo ya jiko na bafu mpaka kwa wateja wako.

Hatua ya 6: Kuondoa tangazo

Tumefika kwenye jambo lenyewe.

Hali za tangazo ziwe chache na zenye maana isiyo na utata. Tano zinatosha: linapatikana, limeshikwa (ofa imekubaliwa, malipo bado), limekamilika (limeuzwa au limepangishwa), limesitishwa kwa muda, na limeondolewa. Kila moja iandikiwe kwenye kamusi nini kionekane. Linaloshikwa, kwa mfano, libaki likionekana na utepe wa kusema hivyo, kwa sababu mauzo huvunjika. Linalokamilika litoke kwenye utafutaji mara moja.

Hatari kubwa iko kwenye milisho inayopeleka mabadiliko peke yake. Mlisho wa namna hiyo ukiulizwa "nini kimebadilika?", tangazo lililofutwa kwenye kanzidata halijibu chochote, kwa sababu halipo tena. Mpokeaji anaendelea kulionyesha milele. Dawa ni mbili na zote zinahitajika. Kwanza, usifute mstari kwenye kanzidata yako. Ubadilishe hali uwe "limeondolewa", na uendelee kuupeleka kwenye mlisho kwa angalau siku 30. Pili, kila usiku peleka orodha ya vitambulisho vyote vilivyo hai, vitambulisho tu, bila maelezo wala picha. Orodha hiyo ni ndogo sana. Mpokeaji analinganisha, na chochote alicho nacho kisichokuwemo anakishusha. Breki tuliyoitaja juu inatumika hapa pia.

Kisha kuna ukimya. Mlisho wa ofisi A umekatika tangu juzi na hakuna aliyegundua. Tovuti ya ofisi B bado inaonyesha nyumba zake kana kwamba ni za leo. Wekeni kanuni ya ukimya: mlisho usiposomeka kwa saa 24, matangazo ya ofisi hiyo yapewe alama ya "hayajathibitishwa", zikifika saa 72, yafichwe mpaka mlisho urudi. Kwa kulinganisha, kanuni za IDX zinataka data zihuishwe angalau kila baada ya saa 12. Mawakala wengi huogopa kanuni hii kwa kuwa tovuti itabaki na nyumba chache. Afadhali chache. Mteja aliyepelekwa kwenye nyumba mbili zilizokwisha uzwa hatafuti ya tatu kwako.

Ukurasa wa nyumba iliyoondoka ushughulikiwe pia. Usimpeleke mgeni kwenye ukurasa wa mwanzo bila maelezo. Mwambie nyumba hii imeshachukuliwa, mwonyeshe tatu zinazofanana nayo, na seva ijibu kwa msimbo 410, ambao unaziambia injini za utafutaji kwamba ukurasa umeondoka kwa kudumu.

Na mwisho kabisa, binadamu. Hakuna mlisho unaojua kwamba nyumba imeuzwa kabla dalali hajasema. Mpeni dalali njia ya kubadilisha hali akiwa barabarani, kwa simu, kwa kubonyeza mara mbili. Ikimlazimu arudi ofisini, afungue kompyuta, akumbuke nywila, hatafanya mpaka Jumatatu. Mifumo mingi inayosifiwa kwa uhandisi wake imeshindwa hapo hapo.

Hatua ya 7: Picha

Usionyeshe picha moja kwa moja kutoka seva ya mwenzako. Akibadilisha mpangilio wake tovuti yako itajaa miraba mitupu, na wageni wako watakuwa wanamla kifurushi chake. Pakua, hifadhi kwako, tengeneza saizi mbili au tatu, na upakue upya pale tu saa ya picha inapobadilika.

Kabla picha haijatoka ofisini, ondoeni taarifa zilizofichwa ndani yake. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha. Mwenye nyumba aliyeomba anwani yake ifichwe anaweza kuanikwa na picha ya sebule.

Nembo juu ya picha huleta ugomvi usio na maana. Ninavyoona, picha za mlisho ziende safi, na jina la ofisi liandikwe chini yake kwa maandishi. Kama kuna mpiga picha wa kukodiwa, someni mkataba wake: mara nyingi aliuza ruhusa ya kutumiwa na ofisi moja, na haki ya kuzigawa kwa wengine sharti iandikwe.

Hatua ya 8: Kuonyesha, na nyumba zinazojirudia

Kila ukurasa wa nyumba ya mshirika uwe na jina la ofisi yenye tangazo mahali panaposomeka, pamoja na tarehe na saa ya kuthibitishwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo inamsaidia mteja, na inamtia aibu mshirika mzembe, ambalo nalo ni jambo jema.

Maelezo yaleyale yakiwa kwenye tovuti sita, injini za utafutaji huchagua ukurasa mmoja wa kuonyesha. Lebo ya rel="canonical", iliyoanza kutumika mwaka 2009, inakuwezesha kutaja ukurasa wa asili. Je, muitumie kuelekeza kwa ofisi yenye tangazo? Kwa haki, ndiyo. Ila fahamuni kwamba mnampa mwenzenu wageni wa Google, kwa hiyo lijadiliwe kwenye hatua ya 1, lisiachwe kwa fundi. Anayetaka ukurasa wake uhesabike aongeze kitu chake: maelezo ya mtaa, umbali wa shule, hesabu ya mkopo.

Nyumba yenye uwakala wa wazi itafika kupitia ofisi mbili, na huenda kwa bei mbili. Mfumo unaweza kuzishuku kwa kulinganisha mahali, idadi ya vyumba, eneo, na namba ya kiwanja kama ipo. Usiuruhusu uziunganishe wenyewe. Fleti mbili za ghorofa moja zinafanana kwa kila kitu hicho. Mfumo uziweke kwenye foleni, mtu aamue, na zikithibitika ni moja zionyeshwe kama nyumba moja yenye mawakala wawili.

Hatua ya 9: Siri za mwenye nyumba na za mteja

Kanzidata ya ofisi ina mambo ambayo hayapaswi kutoka: jina la mwenye nyumba, bei ya chini atakayokubali, sababu ya kuuza, mahali ufunguo ulipo, siku ambazo nyumba ni tupu. Mlisho ujengwe kwa kutaja vipengele vinavyoruhusiwa kutoka, kimoja kimoja. Ukiujenga kwa kutaja vinavyokatazwa, siku fundi atakapoongeza kipengele kipya cha ndani kitasafiri mpaka kwa washindani bila mtu kujua.

Ujumbe wa mteja unaopelekwa ofisi nyingine ni taarifa binafsi. Fomu imwambie wazi nani atausoma, na mfumo uweke rekodi ya saa ulipopokelewa na saa ulipojibiwa. Rekodi hiyo ndiyo itakayoamua ugomvi wa nani alimleta mteja.

Hatua ya 10: Jaribio

Chagueni nyumba kumi, ofisi mbili, wiki mbili. Kisha fanyeni uharibifu kwa makusudi. Badilisheni bei mara tatu ndani ya saa moja mwone ipi inabaki. Futeni picha ya kwanza. Wekeni maelezo yenye "ng'ambo ya mto", kwani alama ile ya juu bado hukwamisha programu zilizoandikwa vibaya. Wekeni bei sifuri, na chumba cha kulala kimoja kwenye kiwanja kitupu. Zimeni seva ya mlisho usiku mzima. Pelekeni faili lililokatwa katikati. Halafu uzeni nyumba, kwa maana ya kubadilisha hali yake, na mshike saa: dakika ngapi mpaka inatoweka kwenye tovuti ya mwenzenu, kwenye utafutaji wake, na kwenye barua pepe anazotuma kwa wateja? Hizo barua pepe husahaulika mara nyingi, kwa sababu huandaliwa alfajiri na kutumwa mchana.

Jaribio likipita, ongezeni mshirika mmoja mmoja. Mkiwa hai, kila ofisi iwe na mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu anayepokea taarifa za mlisho kukatika, na wa pili wa kumshikia akiwa likizo.

Mshirika anapoondoka

Jambo hili huachwa mpaka litokee, na likitokea huwa kuna hasira. Liandikeni mapema: ndani ya saa 24 ufunguo wake wa API na nywila zake za SFTP zinafungwa, matangazo yake yanashushwa kwenye tovuti zote, na picha zake zinafutwa kwenye seva za wengine, pamoja na nakala za saizi ndogo. Yeye naye anashusha ya wenzake kwa muda uleule. Rekodi za wateja waliokwisha kupelekwa zinabaki pande zote mbili mpaka miamala iliyo njiani ikamilike na kamisheni zake zilipwe. Vitambulisho vya matangazo yake havigawiwi kwa mtu mwingine.